Siku Kumi na Nne za Pilipili

Eneo la Viwanda, Thika
11 Machi 2024

Mpendwa dada Wangeci,

Nakusalimu, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta mzima huko Mugutha, na kwamba goti la shemeji Muriithi limepata nafuu. Mimi napumua tu. Nimeandika kwa sababu tangu tulipogombana hupokei simu zangu, wala sikulaumu.

Ulisema tupike mchuzi wetu wa pilipili hapa Thika, tuuze Uganda kwa lori kama zamani. Mimi nikashikilia kwamba usafiri na ushuru vinatumaliza, na kwamba kiwanda kidogo kule Jinja kingetuokoa. Nikamtuma Makau, msimamizi wetu, akakianzishe.

Mwezi wake wa pili huko alinipigia simu. Alisema, mzee, huku kuna joto, pilipili inachemka ndani ya mapipa bila moto. Siku saba za kuichachusha zinatosha. Nikamjibu kwamba mama alituachia siku kumi na nne, na kwamba sikumpeleka Jinja akavumbue upishi. Akacheka kidogo, akasema basi mama angekuja mwenyewe aonje. Nilimkatia simu.

Mchuzi uliharibika na ukauzwa. Watu kumi na mmoja waliugua, na mtoto mmoja angali hospitalini. Makau yuko korokoroni, hii ni wiki ya tatu. Mkewe, Nduku, anayebandika lebo hapa kwetu, huja ofisini kwangu kila asubuhi kabla ya kuvaa aproni. Jana alisema kwamba Makau amemwambia asiwe na wasiwasi, kwa kuwa mzee anaujua ukweli.

Naujua, Wangeci. Maofisa wa huko waliponihoji, niliandika na kutia sahihi kwamba tuliagiza siku saba, na kwamba Makau alizipitisha kwa uzembe wake. Niliogopa kiwanda cha Thika kisije kikafungwa. Wanamzuilia kwa karatasi yangu.

Kesho nakwenda Jinja kuikanusha. Huenda nisirudi upesi. Mara mbili nimejaribu kumwambia Nduku, nikaishia kumwuliza kama lebo zinatosha. Nakuomba uje umwambie wewe, hata akikufukuza. Kisha ukishike kiwanda, kama bado kipo.

Nisalimie Muriithi na watoto, na usiwafiche jambo hili.

Ndimi kaka yako, nisiyestahili jibu,
Kagwe