Lugha ya Mkono Mmoja

Makambako

Kaka yangu Musa,

Assalaam alaikum. Nisamehe kwa kukaa kimya miezi hii yote. Lulu anaota meno, na kwa baridi hii hataki kulala ila mikononi mwangu. Hata sasa naandika nimempakata.

Kompyuta ilifika salama na basi. Nashukuru, kaka, hujui tu umenipa nini. Lakini ile lugha ya kompyuta, Java, uliyosema nianze nayo, kwa kuwa wewe ndiyo uliyoanza nayo chuoni, nimeiacha. Usinune. Ilinitaka niandike mistari mitano kabla haijasema hata neno moja, nami nabonyeza kwa mkono mmoja. Nikifika wa tatu, mtoto ameshaamka. Kwa lugha nyingine, Python, niliandika mstari mmoja tu, ikaniandikia: "Habari, Salha." Machozi yalinitoka. Jirani yangu Zuena akacheka: "Afadhali hiyo inakujibu. Mumeo Sudi tangu aondoke na lori kwenda Tunduma hajibu hata ujumbe."

Ni kweli, kaka, hajibu. Ndiyo maana nataka kazi ya kufanyia nyumbani, na nitaanzia kwenye Python. Umenivumilia mengi, nivumilie na hili.

Bado nahitaji chaja nyingine, maana hii haichaji mpaka ukunje waya. Kitabu cha Python cha wanaoanza, cha Kiswahili kama kipo. Na mazoezi mafupi, ya kumalizika Lulu akiwa bado amelala. Habari za Sudi usinitafutie.

Mdogo wako anayekushukuru,
Salha