Jina la Kujaribia

Arua, Jumatatu

Eti nianze upya. Nimeunda mradi mpya wa kile kisanduku cha kujaza jina kwenye tovuti ya duka, nikahamishia majaribio yetu ya zamani, vile vijiprogramu vinavyoandika jina kisha kukagua kama limetoka lilelile linalosubiriwa, yote yakapita. Nilisahau kwamba aliyeyaandika ni Ayikoru, na jina la kujaribia aliweka lake.

Jumamosi aliolewa kwao Koboko, na si mimi niliyemwoa.

Nikalifuta pale linapoandikwa, nikaweka langu. Pale linaposubiriwa nikasahau. Skrini ikajaa wekundu: "Linasubiriwa: Ayikoru. Limekuja: Drani."

Amosi, ninayefanya kazi naye, akachungulia. "Rudisha ile jina ya kwanza."

Nikarudisha. Kijani tupu.

"Sasa iko sawa," akasema, akaenda kula.

Mimi sikuenda.