Macho ya Kananu

Kibirichia

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, nikitumaini goti halikusumbui sana na mbuzi wamepata majani baada ya mvua kunyesha hapo Ishiara. Sisi tu wazima. Baridi ya huku ni ile ile, na viazi tumeanza kuchimba. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu, tukifika kwa habari za Kananu, wewe hukata kabla sijamaliza. Dada Purity akusomee polepole.

Unakumbuka alivyokupita sokoni bila kukusalimu, ukasema mke wangu ana majivuno? Mama, hakukuona. Alikuwa akiona mbele tu, pande zote mbili giza. Hapa nyumbani aligonga milango kwa bega, kichwa kilimuuma kila asubuhi, na alikunywa maji bila kiu kuisha. Majirani walisema amerogwa. Yeye akasema anataka kupigwa picha ya kichwa.

Picha ilionyesha uvimbe. Daktari alitueleza kwamba si saratani, wala hakuna mtu aliyemtupia uchawi. Ni chembechembe zilizobaki mahali pasipo pake tangu akiwa tumboni mwa mama yake, zikakua polepole. Ni ugonjwa wa nadra. Lakini ulikuwa umekaa pabaya, chini ya ubongo, ukibana mishipa ya macho na ile tezi ndogo inayouamuru mwili utunze maji, na mwanamke ashike mimba. Kananu aliuliza maswali mpaka daktari akavuta kiti akaketi. Alipoambiwa kuung'oa wote kungeweza kumpofusha, akasema, "Basi toeni mnachoweza. Kitakachobaki tutakichunga."

Siku ya upasuaji alinishika mkono. "Njuki, nikitoka huko sioni, uko huru. Mama anataka wajukuu, na sitakulaumu." Hapo hapo wauguzi wakakisukuma kitanda chake wakaenda naye.

Walipitia puani, Mama, bila kumnyoa hata unywele. Alipoamka sawasawa akanitazama, akaniambia nimefunga vifungo vya shati upande. Nilicheka huku nalia.

Sasa anatumia dawa za kufanya kazi ya ile tezi, na atazitumia maisha yake yote. Kipande kidogo kimebaki, anarudi kupigwa picha wakichunge kisije kikakua. Jumapili alisimama kanisani akawaeleza watu wote ugonjwa wake bila aibu, ili mtoto wa mtu akianza kugongagonga milango apelekwe hospitali mapema. Sijaona mtu jasiri kama huyu.

Lakini kuna jambo hujui. Daktari alisema huenda tusipate mtoto. Zipo dawa za kujaribu, ila hakutuahidi. Nilikuwa nimeshaambiwa hayo uliponitaka nimrudishe kwao, nami nikanyamaza kwa heshima yako. Jibu langu ni hili, na Kananu nimempa tayari: simrudishi, wala sitaoa mwingine. Hajanifunga kwa chochote. Nimemchagua tena, nikiwa na akili zangu zote.

Tukimaliza kuchimba tutakuja kukuona; yeye mwenyewe ndiye aliyeomba. Kama hutaki aje, niambie mimi, usimwambie yeye. Ila ujue, Mama, sitakuja peke yangu.

Nisalimie Purity na watoto wake, na Mungu akutunze hadi tuonane.

Mimi mwanao akupendaye,
Njuki