Kola ya Karabai Ilikuwa Yako

Mama mpendwa,

Baba alisema juzi, hapa kwangu Masasi, kwamba ile kola ya karabai, bati la kuzungushia taa wakati wa kuiwasha, hakuibuni yeye. Uliibuni wewe. Nilimuuliza mara ya pili, kama ninavyomuuliza kila mtu ninayetaka kumwandika gazetini, akajibu vilevile huku akimenya muhogo.

Nilikuwa natafuta kitu kingine. Tangu masika nakusanya habari za watu wa ng'ambo waliobuni karabai. Kwenye tangi la kila taa niliyoikuta, kuanzia Lukuledi hadi Tandahimba, kuna chapa ya kampuni. Aliyekaa akafikiria sindano ya kuzibua tundu la mafuta, au ile soksi inayowaka nyeupe, hatajwi. Nikadhani Newala angalau jina tunalo. Mwalimu anayeandaa maonyesho ya vyombo vya zamani shuleni alishaandika kadi, "Kola ya Fundi", na jina la Baba chini yake.

Unakumbuka tabu ilivyokuwa. Upepo ulipeperusha moto wa spiriti kabla taa haijapata joto. Baba akipiga pampu, mafuta yanaruka mabichi, moshi mtupu. Nakuona ukikata kopo la mafuta ya kupikia, ukilitoboa chini kwa msumari, kama ulivyotoboa bati la kukinga moto jikoni.

"Hewa ipite chini, upepo ubaki nje," uliniambia.

Nilidhani ni kazi aliyokutuma Baba.

Kola ilitoka mara ya kwanza kwenye jando. Kule usingeweza kufika, wanawake hawaingii. Baba akaibeba, akawasha taa upepo ukivuma, wanaume wakaona. Toka hapo watu wakaja kuulizia kola ya Fundi, na mafundi wa Chiwata wakaiga.

Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Walikuwa wananisifia, mwanangu. Wewe ungekataa?" Akacheka, kisha akaacha kumenya. "Mwambie mwalimu atoe jina langu. Aweke la mama yako."

Nikampigia mwalimu. Akauliza kama aandike Mama Zainabu, maana hivyo ndivyo Newala nzima ilivyokujua mpaka siku tulipokuzika. Sikuwa nimelifikiria hilo. Hata majirani waliokula kwako walikuita kwa jina langu. Nikamtajia: Somoe Chitanda. Akaniomba nirudie, nikarudia.

Nakushukuru kwa lile kopo, Mama. Siku ambazo karabai haikuazimwa kwa sherehe za watu, uliniwashia nisome. Nakushukuru zaidi kwa maswali. Nilikuuliza kila tundu ni la nini, na hukuwahi kuniambia nimezidi. Kazi inayonilisha leo ilianzia pale, miguuni pako, kwenye vipande vya bati.

Nilihofu Baba angeumia kufutwa. Ameuliza tu kama kadi itaandikwa kwa herufi kubwa, aweze kuisoma.

Jumamosi asubuhi tunapanda Newala, mimi na yeye. Kadi mpya, aliyoituma mwalimu tuihakiki, iko mkobani. Amesema taa ataiwasha mwenyewe, na kola nitaishika mimi.

Zainabu,
binti wa Somoe