Mchi wa Mama Uliobaki Yangambi

Alhamisi. Mawingu tangu asubuhi, na mvua haijaamua. Naandika nikiwa nimekaa juu ya magunia yangu ya mchele, katika baleinière, boti ya mbao inayopanda mto kutoka Isangi kurudi Kisangani. Mbele yangu kuna mbuzi aliyefungwa kamba. Tumeshazoeana.

Mchana tulisimama Yangambi. Kapiteni alikuwa na chumvi ya kushusha, akatuambia tusiende mbali. Wenye njaa waliwakimbilia wauza chikwangue, mikate ya muhogo. Mimi nilipanda kilima kwenda kuangalia nyumba yetu.

Nilizaliwa pale. Baba alikuwa akitunza miche ya kahawa kwenye kituo cha utafiti. Alipofariki, nilimchukua Mama akaja kuishi kwangu, Mangobo, huko Kisangani. Siku hizi anasema anataka kurudi. Sikumbishia. Nilimwambia nitapita kuona kama nyumba bado inakalika.

Kusema kweli, nilikwenda kutafuta sababu ya kumkatalia.

Niliipata bila shida. Bati la upande wa jikoni limeanguka, mlango haupo, mchwa wamekula fremu za madirisha. Nilipiga picha za kutosha, na moyo ukawa mwepesi. Ndipo nikaangalia chini. Uwanja ulikuwa umefagiwa, alama za ufagio bado zinaonekana kwenye udongo. Nani anafagia uwanja wa nyumba isiyo na watu?

Mama Asina, jirani yetu wa zamani, alitokea nyuma ya nyumba yake na ufagio mkononi. Hana simu, kwa hiyo hakujua kama nakuja. Aliniuliza kama mama yangu iko muzima, nikamwambia iko muzima. Akaingia ndani, akarudi na mchi wa Mama, ule aliokuwa akitwangia majani ya pondu, yaani kisamvu. Ulikuwa unang'aa. Ameupaka mawese miaka yote hii ili usipasuke.

"Mama yako aliniachiaka huu muchi," akasema. "Alisema, siku nitatuma mutu kuubeba, ujue sirudie tena. Bon, mutoto yangu, alikutuma muchi?"

Mama hakuwahi kuniambia habari hiyo. Aliniambia tu nisiondoke Yangambi bila kumsalimia Mama Asina.

Niliushika. Mzito kuliko nilivyoukumbuka. Ningesema ndiyo tu, mambo yangekwisha: Mama Asina angeacha kufagia, Mama angeuona mchi mlangoni asiseme kitu, maana yeye si mtu wa kugombana. Angebaki Mangobo. Ndicho nilichokuwa nakitaka tangu nipande kile kilima, na bado nakitaka hata sasa ninapoandika.

Huko chini baleinière ikapiga honi.

"Alinituma salamu tu," nikasema, nikamrudishia.

Hakunishukuru wala hakunishangaa. Aliurudisha ndani, akatoka, akaendelea kufagia pale alipoachia. Mimi nikateremka haraka, maana kapiteni wetu hangojei mtu.

Sasa tumepita kisiwa kirefu na mji hauonekani tena. Mvua imeanza kudondoka, wanawake wanafunika mizigo kwa turubai. Nimezitazama zile picha. Ni picha za kweli kabisa, nyumba imekwisha. Nitamwonyesha zote, na nitamtafutia fundi wa bati, ingawa sina hamu.

Naogopa asubuhi za Mangobo bila yeye kukohoa upande wa pili wa ukuta. Basi, nimeandika.

Kesho tutafika Kisangani. Najua itakavyokuwa. Mama hataniuliza habari za bati. Ataangalia mikono yangu kwanza, ataikuta mitupu, na ataingia chumbani kukunja nguo zake.