Nilipima kwa Toroli

Kampala, Jumapili ya pili ya Agosti.
Leo ni mwaka mmoja, miezi miwili na siku tisa tangu nitoke nyumbani.

Dada yangu Koku,

Umeifunga namba yangu, na sikulaumu. Ndiyo maana naandika kwenye karatasi, na wengine pia wataisoma barua hii. Mwalimu Nakato, mama mstaafu anayeongoza wakazi waliookoa nyumba tunayoikarabati, ametuomba kila fundi na kila kibarua aandike barua moja kwa mtu wake. Zitabandikwa barazani Jumatano, siku ya ufunguzi. Nakala yako nitampa kondakta wa basi la mpakani Mutukula kesho asubuhi.

Nimeianza mara tatu. Nikikaa, nasimama. Nimetembea mpaka soko la Kalerwe nikarudi na nyanya ambazo sikuzihitaji, na mtu ninayelala naye chumba kimoja ameniuliza kama nina homa. Sina homa. Nina Jumatatu ya mwisho wa mwezi huu, siku ambayo baraza la kata litasikiliza shauri la nyumba ya baba. Nimeambiwa hukwenda mara ya kwanza na hukwenda mara ya pili. Usipokwenda ya tatu, wataamua bila wewe, na mtoto wa baba mkubwa ataingia na kufuli zake. Unajua kwa nini hukwenda. Mimi pia najua.

Ngoja nianzie mbali kidogo, kwa sababu yale ya karibu bado siyawezi.

Nakukumbuka ukiwa kwenye baiskeli yako ya magurudumu matatu, ile ya kukanyaga kwa mikono, tunateremka kuelekea ziwani. Mimi nimesimama nyuma nimeshika mabega yako. Ukiniuliza jedwali la saba nami nikikosea, ulikuwa unaachia breki. Nililia, nikajifunza jedwali la saba. Nilipoacha shule darasa la sita hukunipigia kelele. Ulisema, "Basi soma ninachofuma," ukaniwekea vipimo vya masweta ya wanafunzi nikusomee kwa sauti huku mashine yako ikilia krr, krr. Kusoma kwangu kote ni kwa mashine hiyo. Ukikuta makosa humu, ni ya kwako pia.

Hukuwahi kuniomba nikubebe. Kitu ulichoniomba ni kutoa jiwe njiani, au kupanua mlango wa jikoni. "Toa jiwe, halafu niache," ulikuwa unasema. Nikitoa jiwe nikabaki nasukuma, ulinichapa mkono.

Sasa siku ile. Nitaieleza hapa waziwazi, watu wa Kampala waisome, maana ilitokea mbele ya watu.

Tulikwenda kufungua shauri kwenye lile jengo la zamani ambamo baraza la kata hukaa. Ngazi tatu za mawe, zimelika katikati. Ulikuwa na kitenge chako cha kijani na faili ya karatasi za baba magotini. Ukaniambia, "Niache hapa chini. Panda umwambie karani ashuke." Jua lilikuwa kali, watu walikuwa wanapita, wanatutazama. Niliona aibu, Dada. Aibu yangu, si yako. Sikukujibu. Nilikuinua tu, nikakupandisha, kiatu chako kimoja kikabaki ngazini. Karani alikuwa mlangoni na chai yake. Akasema, "Huo mzigo weka pale kwenye benchi." Watu wakacheka.

Na mimi nilicheka.

Tulipofika nyumbani ulisema neno moja, "Ulicheka," ukaanza kufuma. Siku chache baadaye nilipanda basi. Wote niliwaambia nafuata kazi. Kazi nilikuwa nayo hata huko. Nilichokuwa nakimbia ni ile mashine, ilivyokuwa ikilia na wewe umekaa kimya.

Nikufikishe huku sasa. Nyumba hii iko upande wa Old Kampala. Aliijenga Mhindi mwenye duka enzi za reli, matofali ya kuchoma na chokaa, baraza pana lenye matao na ukuta mfupi wa kuegemea. Kulia na kushoto nyumba nyingine zote zimebomolewa, yamesimama maghorofa ya maduka, vioo vitupu. Hii ilibaki kwa sababu Mwalimu na majirani walileta viti vya plastiki wakakaa getini siku ya kubomoa, wakachambua maharage mpaka tingatinga likaondoka. Itakuwa chumba cha kusomea. "Cha watu wote," Mwalimu husema, na akisema wote anakutazama usoni mpaka ukubali.

Kazi yangu ni chokaa. Mikono imebabuka, mgongo ndio usiniulize. Saruji hairuhusiwi kwenye ukuta wa zamani. Inabana sana, siku ukitaka kutoa tofali linavunjika. Chokaa inaachia. Hilo nilifundishwa hapa, mtu mzima, baada ya kuharibu kuta za watu kwa saruji miaka yote ile huko nyumbani.

Msimamizi wetu ni Afande Okello, sajenti mstaafu kutoka kaskazini. Kiganda hakitaki, Kiingereza anakibania, kwa hiyo maisha yote pale ni Kiswahili cha jeshi. Alipokuja na mchoro wa njia ya mteremko kando ya ngazi, kwa ajili ya watu wa viti vya magurudumu, nafasi mbele ya ngazi ilionekana ndogo. Ngazi ni tano. Mchoro ulitaka njia ndefu izunguke kona. Afande akaukunja mchoro.

"Hii itakula mwezi mzima. Jenga moja kwa moja, maliza."

Nikajenga moja kwa moja. Futi kumi tu kutoka chini mpaka juu. Ilipokauka akasema, "Pima." Unajua sisi vibarua tunavyopima njia? Kwa toroli. Nilijaza mchanga, nikasukuma, likapanda. Mapaja yalitetemeka lakini lilipanda. Nikapiga saluti.

"Imepita, Afande."

"Toroli imepanda, kiti yake pia itapanda. Kwisha."

Dada, maneno hayo yalitoka mdomoni mwangu. Imepita. Mimi niliyekuona ukipandisha kile kilima cha kisimani kwa mikono yako mwenyewe, ukipumzika mara nne, ukiweka jiwe nyuma ya gurudumu. Toroli linasukumwa na mwanamume mwenye miguu miwili aliyekula ugali. Kiti husukumwa na aliyekikalia. Nilijua, nikapiga saluti.

Siku mbili sikukaa vizuri. Siku ya tatu, saa ya chakula cha mchana, nikachukua kiti cha magurudumu ambacho Mwalimu alikuwa amekiweka stoo kwa ajili ya wageni. Nikakikalia, nikaanza kupanda. Nilifika katikati, mikono ikakataa. Kiti kikarudi nyuma na mimi ndani yake, nikatupwa kwenye lundo la mchanga, miguu juu.

Walicheka mpaka wengine wakaacha sahani. "Mutanzania amenunua benzi," mmoja akasema. "Haina breki," akajibu mwingine. Papa Alphonse, seremala wetu, Mkongo wa kule Bukavu, ndiye aliyekuja kuninyanyua. Alinipangusa mchanga kichwani akasema, "Weye unatafuta kufa? Haya. Sasa tunajua. Ile njia haiko njia, iko mtego."

Mwalimu alikuwa amesimama kwenye tao. Sikumwona alipokuja. Hakucheka.

"Nani alipima hii?"

Afande akatazama ukuta. Nikasema, "Mimi, Mwalimu. Nilipima kwa toroli."

Nililipia. Siku hiyohiyo Afande alinitoa kwenye chokaa, akanipa nyundo nivunje njia yangu mwenyewe, halafu wiki nzima nikachekecha mchanga kama mgeni. Sikulalamika. Lakini yaliyofuata yalinitisha zaidi. Mtu mmoja wa kamati alisema kwamba uso wa nyumba ni wa kihistoria, usiguswe. Njia iwekwe nyuma, kwenye mlango wa jikoni. Pale pana nafasi, na hakuna anayepita. Wengi wakatikisa vichwa kukubali. Hata Mwalimu hakupinga.

Nikaacha chekecheke. Sijui niliitoa wapi sauti. Nilisema, "Mwalimu, samahani. Nina dada. Yeye husema mlango wa nyuma ni wa kuni na maji machafu."

Ulisema hivyo kanisani, walipotaka kukupitisha nyuma, kwenye sakristia. Unakumbuka. Nilikuwa mdogo, niliona aibu siku ile pia.

Afande akasema, "Wewe kibarua, nani amekuuliza?" Mwalimu akasema, "Mimi namuuliza. Endelea, sebo," akaniita bwana mbele ya wote.

Nikaenda mpaka kwenye kona. Nilionyesha ukuta mfupi wa baraza. Nikasema tukitoa matofali ya pale, upana wa kiti kimoja, njia ndefu ya kwenye mchoro inafika moja kwa moja barazani, mbele, wanapoingilia wengine wote. Na kwa kuwa ni chokaa, matofali yatatoka mazima. Yule wa kamati akauliza, je, watoto wetu wakitaka kuurudisha ukuta? Papa Alphonse akasema, "Tunaandika namba juu ya kila moja. Watarudisha kama meno."

Ndivyo tulivyofanya. Yalitoka mazima yote. Kila moja lina namba ya chaki, yamepangwa stoo. Afande mwenyewe alikuwa anayahesabu kama askari kwenye gwaride. Njia mpya ina futi thelathini, ina kituo cha kupumzikia kwenye kona. Nimeipanda kwa kiti, peke yangu, nikashuka, nikapanda tena. Afande alinitazama akasema, "Hii nayo umepima na nini?" Nikamwambia, na mikono. Akanirudisha kwenye chokaa.

Ungedhani nimetulia. Sijatulia hata kidogo. Kila nikipita hapo naona nimemjengea mgeni nisiyemjua kitu ambacho wewe hukukipata kwangu. Watu wananisifu, na sifa zinaniwasha mwilini kama chokaa.

Kwa hiyo wiki iliyopita nilimpigia simu yule karani. Nilikuwa nimeandaa maneno makali. Nikajitaja, nikataja siku, nikataja benchi. Hakukumbuka. Dada, hakukumbuka kabisa. "Ndugu yangu, hapa wanapita watu wengi," akasema, kwa upole tu. Mwaka mzima nimekula na kulala na mzaha wake, yeye hana hata alama yake. Nikabaki na mimi mwenyewe niliyecheka.

Nikamwuliza kuhusu ngazi. Akasema jengo lile ni la kuhifadhiwa, bila kibali hata msumari hauwezi kuingia. Nikamwuliza, na mbao zinazosimama kwa miguu yake zenyewe, haziegemei ngazi, zinawekwa asubuhi na kuondolewa jioni? Akafikiri. Akasema, "Kama haigusi jengo, mimi sina neno. Wazee pia wananisumbua na zile ngazi."

Papa Alphonse amenichorea. Vipande viwili vya futi tisa tisa, kituo katikati, ukingo pembeni ili gurudumu lisitoke. Ngazi tatu zinataka urefu huo, hazikubali pungufu. Amenifundisha kuunga bila msumari, nimefanya cha mfano mara mbili na cha pili hakitikisiki.

Sikuandiki ili unisamehe. Kama utanisamehe au la, hiyo ni kazi yako na huijibu kwa barua ya ukutani. Nakuandikia kuhusu Jumatatu. Nyumba ni yako, mdomo unao, na maneno ya baba unayajua kuliko mtu yeyote. Kilichokuzuia ni mimi. Nataka nitoke njiani.

Ukisema hutaki kwenda hata njia ikiwepo, basi. Nitaipeleka vilevile, itumiwe na hao wazee, na sitakuuliza mara ya pili. Ukitaka kwenda, utaijaribu Jumapili ya kuamkia shauri, ofisi ikiwa imefungwa na hakuna mtu wa kutazama. Utapanda mwenyewe. Mimi nitakaa ng'ambo ya barabara. Ukiona ni kali, niite, naivunja na kuanza upya, siku bado itakuwa ndefu.

Ufunguzi ni Jumatano. Nimemuaga Afande, amenung'unika kwamba vibarua wa siku hizi hawadumu, halafu akanipa mkono. Alhamisi napanda basi la kwanza, na kabla jua halijazama nitakuwa mlangoni kwako. Nitabisha mara moja, nisubiri nje. Usipofungua, nitalala kwa mjomba, na Ijumaa asubuhi nitaanza kukata mbao.

Ni mimi, mdogo wako wa mwisho.