Printa niliyoichagua mimi

Masoudi, leo mjinga nilikuwa mimi. Usicheke kwanza.

Ile printa niliyoichagulia ofisi ya shule imekufa. Leo! Asubuhi ya mtihani wa ujirani mwema, ule wa shule jirani kwa pamoja; shule tano zinasubiri karatasi zetu, na wenzetu wa shule ya Chiola wameshatuma bodaboda kuzichukua.

Mwalimu Scholastika alishasema tununue printa kubwa ya leza, ya kazi nyingi. Nikamtania mbele ya kamati: "Dada, unataka printa au mashine ya kukoboa?" Wote wakacheka. Nikaleta kadogo, ka rangi.

Kurasa mia mbili tu, kanatoa moshi. Moshi, Masoudi!

Nikajitetea: "Muuzaji wa Ruangwa aliniapia kuwa inafaa."

Scholastika hakupandisha hata sauti: "Muuzaji hafundishi hapa. Ingia darasani, kawaambie watoto wewe kwa nini karatasi hazipo."